Hadithi Haianzii Stendi

(Mazungumzo na waandishi chipukizi wa hadithi fupi, Tanga)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, na ninyi waandishi wenzangu mliokuja na rasimu zenu, wengine kwenye bahasha, wengine kwenye simu: asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo niruhusuni niingie kwenye jambo lililonileta.

Rasimu mlizotuma nimezisoma zote. Kiswahili chenu kizuri, na wawili watatu mmenitia wivu. Lakini hadithi zenu nyingi zinaanzia stendi ya mabasi. Mhusika anaamka alfajiri, anapiga mswaki, anafika stendi, anavutana na mpiga debe, anapata siti ya dirishani. Basi linaondoka. Anaegemeza kichwa kwenye kioo na kuanza kukumbuka. Anakumbuka kurasa nne nzima. Halafu kondakta anataja kituo, mhusika anazinduka, anashuka na begi lake, na hapo ndipo mambo yanaanza, zikiwa zimebaki kurasa mbili.

Najua tabia hii inakotoka. Shuleni tulifundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, tukaamini kwamba utangulizi ni kuamka asubuhi. Wenzetu wa Kenya nao wana mzigo wao. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, hutaka insha isiyopungua maneno 400, na mara nyingi kuna swali la methali. Mtahiniwa anaifafanua methali, anaanza na jogoo kuwika, anamfikisha mhusika kwenye balaa, anafunga na “ama kweli wahenga hawakukosea”. Kwa mtihani ni sawa kabisa, alama zinapatikana. Tatizo ni kwamba mtu anamaliza shule akiwa na umbo hilo mwilini, na miaka ishirini baadaye anaandika hadithi ya mapenzi kwa umbo lile lile.

Sasa, mwandishi huyu akiambiwa hadithi yake inazubaa, anafanya nini? Anakwenda kwenye sentensi. Anatoa “alikasirika” anaweka “alifoka kama simba aliyejeruhiwa”. Anaongeza tashbihi, anapunguza vivumishi. Anarudi baada ya wiki mbili na kazi ile ile, imenyooka zaidi. Ni kupiga pasi nguo iliyokatwa vibaya: mikunjo itatoka, kwapa litaendelea kubana. Nguo ya namna hiyo hufumuliwa, na leo nataka tuzungumzie kufumua.

Kila hadithi ina mipangilio miwili. Upo mpangilio wa mambo yalivyotokea: nani alizaliwa kwanza, nani akamkosea nani, nani akafa. Huo huna madaraka nao sana, maana kifo hakiwezi kutangulia kuzaliwa. Na upo mpangilio wa mambo yanavyomfikia msomaji. Huo wote ni wako. Unaposema unapitia upya muundo wa hadithi, kazi yenyewe ni kuuliza swali moja kwa ukaidi: msomaji anajua nini, na anakijua lini?

Nimetunga hadithi ndogo ya mazoezi, ili nisimwaibishe mtu kwa rasimu yake.

Zuhura ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro. Baba yake, Mzee Kombo, alikuwa mvuvi wa Pangani, naye amefariki. Arobaini imekaribia, na kaka yake Athumani anampigia simu aje kwenye hitima na kikao cha mirathi. Zuhura anapanda basi stendi ya Msamvu. Chalinze, Segera, Muheza, njia nzima anamkumbuka baba yake alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda ufukweni. Anafika, anasalimiana na shangazi zake, anakula, analala. Asubuhi familia inakaa. Zuhura amekuja na dukuduku, kwa sababu anajua kwamba kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu kaka yake atapata mara mbili yake. Shehe anapofika kwenye nyumba, siri inatoka: nyumba si yao. Marehemu aliiuza zamani kwa jirani yake, Mzee Hamisi, ili alipe ada ya Zuhura chuo cha ualimu, na tangu hapo alikuwa mpangaji ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mama anajua. Athumani anajua. Mtaa mzima unajua. Zuhura peke yake ndiye asiyejua. Analia, na hadithi inaisha.

Haya, hadithi hii mbaya? Mimi sioni ubaya wake. Kila kitu kinachohitajika kimo. Hata hivyo, ukiisoma kwa mpangilio huo utapiga miayo kuanzia Chalinze, kwa sababu msomaji hawezi kungoja kitu ambacho hajui kwamba kipo. Taharuki haizaliwi kwa kuficha. Inazaliwa pale msomaji anapojua kwamba kuna kilichofichwa.

Kabla ya kufumua, pima. Chukua karatasi, ikate vipande, kila tukio kipande chake, uvitandaze mezani au kwenye mkeka. Usiandike kilichotokea. Andika msomaji ametoka na kitu gani pale ambacho hakuwa nacho alipoingia. Tufanye kwa Zuhura. Simu: baba amekufa, kuna mirathi. Stendi: hakuna. Safari: baba alimpenda. Kufika: hakuna. Chakula cha usiku: hakuna, isipokuwa kama shangazi anakwepa kumtazama usoni, na katika rasimu hii hakwepi. Kikao: dukuduku la Zuhura, siri, kilio, vyote kwa mkupuo kwenye ukurasa wa mwisho.

Mnaona uzito ulikoangukia. Kurasa sita zimebeba vitu vitatu, ukurasa mmoja tu umebeba vitatu vingine.

Hapa huwa kuna anayenyoosha mkono na kusema, “Lakini stendi inajenga mandhari.” Sawa. Na mimi humuuliza: katika mandhari hayo nani anataka nini? Kama Zuhura anagombea siti kwa sababu lazima afike kabla ya Athumani hajazungumza na shehe, hiyo stendi iache, ina kazi. Kama anagombea siti kwa sababu watu wote hugombea siti, huna mandhari hapo, una nauli.

Tuifumue basi. Njia ya kwanza ndiyo wengi mnaijua: anzia kikaoni. Shehe ameuliza, “Na nyumba?” Hakuna anayejibu. Athumani anakohoa, shangazi anavuta mkeka usiohitaji kuvutwa. Kwa sentensi mbili tu msomaji ameshajua kuna jambo, na Zuhura ameanza kulinusa. Safari yote ya kutoka Morogoro imegeuka kuwa vumbi kwenye viatu vyake, na haihitaji zaidi ya hapo. Mabega ya baba pia yanaweza kuingia, lakini yasubiri mpaka yaume. Yakitajwa kabla ya siri ni picha ya albamu. Yakitajwa baada yake, mtu anafunika kitabu kwanza.

Njia ya pili mimi naipenda zaidi, na najua baadhi yenu mtaikataa. Mwambie msomaji siri kwenye sentensi ya kwanza: “Asubuhi waliyokaa kuigawana nyumba ya Mzee Kombo, mwenye nyumba alikuwa nje barazani akinywa kahawa.” Umeitoa siri yako bure, utasema. Hebu tazama ulichopata. Msomaji anajua, Zuhura hajui. Kwa hiyo Zuhura anapoanza kudai haki yake, kila neno lake linamchoma msomaji kwa niaba yake. Hesabu zenyewe mnazijua: mjane ana thumni, moja ya nane, yaani sehemu 3 katika 24, zinabaki 21, mwana wa kiume 14, binti 7. Zuhura anasimama mbele ya wazee na kulalamikia zile 7, kumbe nyumba nzima, sehemu zote 24, alishaila akiwa chuoni. Katika rasimu ya kwanza malalamiko hayo yalikuwa maelezo ya tabia yake. Sasa ni kinaya kikali, na hatukubadilisha hata neno moja kinywani mwake. Tumebadilisha tu kile ambacho msomaji amekibeba anapolisikia.

Swali la hadithi nalo limehama. Mwanzo lilikuwa “kuna nini kimefichwa?”, na swali hilo likijibiwa linakufa. Sasa limekuwa “atayasikia kwa nani, na kwa maneno gani?” Athumani akimwambia kwa hasira, hiyo ni hadithi moja. Mama akimwambia kutoka nyuma ya pazia, maana yuko edani, ni nyingine kabisa.

Njia ya tatu: mpe mtu mwingine usimulizi. Tuseme anasimulia Athumani, aliyeishia darasa la saba na kuingia kwenye mashua ya baba ili mdogo wake asome. Anamngoja dada yake Pangani, pale basi linaposhusha abiria. Jua kali, basi limechelewa, na kichwani anajaribu sentensi atakayomwambia, anaitupa, anajaribu nyingine. Dada anashuka na viatu vya mjini na swali la kwanza analouliza ni kama shehe ameshafika. Ndugu zangu, basi limerudi! Wala silikatai. Tukio lile lile lililokuwa halina kitu mikononi mwa Zuhura, mikononi mwa Athumani limejaa. Kwa hiyo ukikuta tukio limekufa, usikimbilie kulifuta. Liulize kwanza ni la nani.

Nitoke Pangani kidogo. Kuna mwandishi wa Marekani, Raymond Carver, ambaye kisa chake kila mtunzi wa hadithi fupi afaa akijue. Mwaka 1981 ilitoka hadithi yake “The Bath”, baada ya mhariri wake, Gordon Lish, kuikata kwa mkono mzito. Mwaka 1983 Carver akaitoa tena ikiwa ndefu zaidi, kwa jina “A Small, Good Thing”. Mambo ni yale yale: mama anaagiza keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, mtoto anagongwa na gari, wazazi wanakesha hospitali, na mwoka mikate, asiyejua lolote, anapiga simu nyumbani tena na tena kuhusu keki yake isiyochukuliwa. Ile fupi inakatika mama akiwa amekwenda nyumbani mara moja, simu inalia, na sauti inasema ni kuhusu mtoto wake. Basi. Hujui kama ni hospitali au ni yule mwoka mikate, hujui kama mtoto ni mzima. Ile ndefu haikwepi: mtoto anakufa, wazazi wanagundua ni nani amekuwa akipiga, wanamwendea usiku wa manane wakiwa na hasira ya kuua, na yeye anawaketisha, anawaomba radhi, anawapa mikate ya moto. Wanakula, wanazungumza mpaka kunakucha.

Ya kwanza ni hadithi ya hofu. Ya pili ni hadithi ya watu watatu waliopoteza. Wapo wanaoipenda fupi kwa ule ubaridi wake, na ni kweli inatisha zaidi. Mimi nasimama na ndefu, kwa sababu inathubutu kuvuka mahali ambapo mwandishi mwoga angefunga pazia. Lakini nisilazimishe. Ninachotaka mkione ni kwamba maana ya hadithi ilihama kwa sababu mwisho ulihama, na mwisho ni suala la muundo.

Sasa turudi kwa Zuhura, maana hapo ndipo penye kidonda chetu. Rasimu zetu nyingi huishia siri inapofichuka. Kumbe hakuwa baba yake. Kumbe nyumba iliuzwa. Kumbe alikuwa ameathirika. Tunafunga na “kumbe” kana kwamba kazi imekwisha. Lakini binadamu akishajua jambo, kesho yake anaamka. Anamtazama nani? Anakula wapi?

Nilipokuwa naitunga hadithi hii nikaona kwamba sheria ya mirathi yenyewe ina muundo, na ni muundo mzuri kuliko wangu. Mali ya marehemu haigawanywi tu. Kwanza zinatolewa gharama za maziko. Kisha yanalipwa madeni. Kisha unatekelezwa wasia, usiozidi theluthi na usiokuwa wa mrithi. Ndipo warithi wanapogawana kinachobaki. Maziko, Deni, Wasia, Mgawo. Sehemu nne, zimepangwa tangu karne na karne, na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa.

Ukiikubali ratiba hiyo, angalia inavyokubana. Mambo ya nyumba yanaangukia wapi? Kwenye Deni. Mzee Kombo alikuwa mpangaji, yawezekana kodi ya miezi ya ugonjwa haijalipwa, na shehe lazima aulize kama kuna mtu anayemdai marehemu. Mzee Hamisi yuko pale barazani. Kwa hiyo siri inatoka katika sehemu ya pili, utake usitake. Umebaki na sehemu mbili nzima, nawe umeishiwa na “kumbe”. Huko ndiko utakakolazimika kuandika.

Katika Wasia, huyu maskini aliusia nini? Siyo nyumba. Labda mashua, apewe kijana asiye wa damu aliyemsaidia kuvuta nyavu, na Athumani aliyekuwa akiitegemea akubali kwa kutikisa kichwa. Labda hakuacha wasia wowote, ila maneno ambayo mama anayarudia kutoka nyuma ya pazia, na hayana nguvu ya kisheria hata kidogo. Na katika Mgawo shehe anapiga zile hesabu zake za 24, kitanda, redio, sururu, taa ya karabai, wakati mama ana eda ya miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani ya nyumba ya Mzee Hamisi. Nani atamlipia kodi? Hili swali halikuwepo katika rasimu ya kwanza. Halikuwa na mahali pa kukaa. Muundo ndio uliolizaa, na sasa ndilo hadithi yenyewe: mwalimu mwenye mshahara na mvuvi asiye na mashua, wakitazamana.

Ndiyo maana nawasihi mtafute umbo ndani ya jambo mnaloliandika kabla ya kwenda kuliazima kwingine. Harusi ya pwani ina ratiba yake. Kesi ya mahakama ya mwanzo ina ratiba yake. Mchezo wa upatu una zamu zake, na zamu ya mwisho daima ina mtu mwenye wasiwasi. Si kila hadithi itakubali. Ukilazimisha, utapata karatasi ya hesabu yenye wahusika.

Kuhusu kuandika upya kwenyewe, nitasema moja ambalo limo katika lugha yetu na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Rasimu zenu zinatembea kwa -ka-. Akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, akakutana. Ni chombo kitamu, bibi zetu walitusimulia nacho. Lakini -ka- inafunga tukio na lililotangulia: kila kitenzi kimeshika shati la mwenzake. Ndiyo sababu kubwa mnashindwa kuhamisha matukio. Ukilikata tukio la kikao na kulibandika mwanzoni, unakuta linaanza na “Akainuka”, na hakuna -li- iliyotangulia ya kulishika. Unakirekebisha kitenzi kimoja, cha pili kinalegea, ukifika cha kumi umechoka, na unarudisha kila kitu kilipokuwa huku ukisema “muundo wa kwanza ulikuwa bora”. Haukuwa bora. Ulikuwa umeshonwa kwa -ka- tu.

Kwa hiyo msikate na kubandika. Fungua ukurasa mtupu, rasimu ya zamani iweke chumba kingine, uandike upya ukiwa na vile vipande vya karatasi peke yake. Utasahau sentensi zako nzuri. Zile zilizostahili zitarudi zenyewe, na zisiporudi ujue zilikuwa za muundo ule wa zamani. Naam, ni kazi mara mbili. Mwenye haraka aandike tangazo.

Tahadhari fupi, kabla mwenyekiti hajanionyesha saa. Kwenda sambamba na wakati si dhambi. Hadithi ya mtu anayezidiwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, inataka siku zifuatane, na ukianza kuzivuruga unaiua. Kisengere nyuma, yaani kurudi kusimulia yaliyopita, nacho kimekuwa ugonjwa: watu wamesikia kwamba hadithi ya kisasa huruka wakati, basi kila aya mbili mhusika “anakumbuka”. Ukikuta mhusika wako anakumbuka zaidi ya anavyotenda, uwezekano mkubwa umeanza hadithi siku isiyo yake. Nenda kwenye hiyo siku anayoikumbuka, labda ndiko iliko.

Haya, sasa kazi. Nje kuna meza ndefu, mikasi na karatasi za rangi. Kila mmoja achukue rasimu yake, aikate vipande kama tulivyofanya kwa Zuhura, na kwa kila kipande aandike msomaji amepata nini. Ukiona “hakuna” kimeandikwa mara mbili mfululizo, niite, tutakaa pamoja. Wenye hadithi zinazoishia na “kumbe” waanze na mimi. Vipangeni vipande vyenu katika mpangilio ambao unawatisha kidogo, halafu mbadilishane na jirani, naye awaambie ni kipande cha ngapi kilichomfanya atake kujua zaidi. Chakula ni saa saba. Msichukue gundi.